Insulini ya mzee: bomba na kichupa au peni? Angalia kwanza mikono ya atakayechoma

Naandika hii kwa wale waliotoka kliniki wameambiwa mzee sasa anaanza insulini, wakaulizwa "mtatumia peni au bomba?" wakabaki wanaangaliana, maana tofauti hakuna aliyewaeleza na siku hiyo akili yote iko kwenye habari yenyewe ya insulini. Mi nimemuuguza mama yangu kwa bomba na kichupa, yaani sirinji ya kuvutia dawa kwenye chupa ndogo, miaka kadhaa, na mjomba wangu, kaka yake mama, anatumia peni, kile kifaa kama kalamu chenye dawa humohumo ndani. Vyote viwili vimetutesa na vyote viwili vimetusaidia. Ushauri wangu ni mmoja: usianze na kifaa, anza na mtu. Nani atachoma, macho yake yanaonaje, vidole vyake vinashikaje, na siku akiwa amechoka au mlezi kasafiri itakuwaje. Ukishajua hayo kifaa kinajichagua chenyewe.

Tuelewane kitu kwanza, dawa iliyomo ni insulini ileile. Insulini ilianza kuchomwa binadamu 1922, peni ya kwanza ikaja 1985, hapo katikati ni miaka zaidi ya 60 watu walikuwa wanavuta kwenye kichupa na bomba, kwahiyo mzee akipewa bomba msijione mmenyimwa huduma. Kinachotofautiana ni jinsi dozi inavyopimwa na jinsi inavyoingia. Kichupa kikubwa kawaida kina ml 10 na kama ni insulini ya yuniti 100 kwa ml basi humo ndani kuna yuniti 1000. Peni ina ml 3, yaani yuniti 300, zipo za kutupa zikiisha na zipo za kubadilisha katriji, yaani kile kichupa chembamba cha dawa kinachoingia ndani ya peni.

Kupima dozi: hapa ndo tofauti kubwa ilipo

Mama alikuwa anachoma yuniti 14 jioni, insulini ile ya ukungu. Ana mtoto wa jicho, zile namba ndogo za kwenye bomba hazioni vizuri, kwahiyo alikuwa na njia yake, anahesabu mistari kwa ukucha wa kidole gumba, mmoja mmoja mpaka kumi na minne. Na ilikuwa inafanya kazi, kwasababu tulikuwa tunatumia bomba za yuniti 50 ambazo kila mstari mdogo ni yuniti 1. Siku moja hizo zikaisha tukapewa za yuniti 100, kwa macho zinafanana, ila kwenye hizo kila mstari mdogo ni yuniti 2. Hakuna aliyetuambia na mimi sikuangalia. Mama akahesabu mistari yake kumi na minne kama kawaida, akachoma, akalala.

Saa kumi alfajiri nikasikia kitu kimeanguka. Nikamkuta amekaa chini pembeni ya kitanda, nguo imeloa jasho mgongo mzima, ananiita jina la dada yake. Nikajua ni kiharusi, wallahi nilishaanza kutafuta simu nipige kuomba gari, afu ndo nikakumbuka mashine ya kupimia sukari. Ikasoma 2.4, kwa mashine zinazosoma kwa miligramu hiyo ni kama 43. Alikuwa bado anaweza kumeza nikamnywesha maji yenye sukari, nikampima tena baada ya dakika 15, nikampa tena, mpaka akarudi kuwa yeye. Asubuhi ananiambia "mwanangu mbona nimechoma kama kila siku, mistari kumi na minne." Na kweli ilikuwa kumi na minne. Ila ilikuwa yuniti 28.

Kwahiyo ukichagua bomba kuna kazi ambayo haiishi, kila boksi jipya likiingia ndani usome ni bomba la yuniti ngapi na mstari mmoja ni yuniti ngapi. Na kuna sehemu insulini ya kichupa inauzwa ya yuniti 40 kwa ml na ina bomba zake, mara nyingi zenye kifuniko chekundu wakati za yuniti 100 ni za rangi ya chungwa. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 mgonjwa anapata mara mbili na nusu ya dozi. Maandishi ya kwenye kichupa na ya kwenye bomba lazima yafanane, kama hayafanani usichome mpaka umeuliza.

Peni hapo imemsaidia sana mtu mwenye macho mabovu. Unazungusha ile sehemu ya mwisho, namba inatokea kwenye kidirisha, na kila yuniti inalia tik. Mjomba anapenda hiyo tik, anasema anasikia dozi yake. Ila milio isiwe badala ya kusoma, hata watengenezaji wenyewe wanakataza kupima dozi kwa kuhesabu milio peke yake, ichukulie kama shahidi wa pili. Asiyeona kabisa hata kwa peni anahitaji mtu wa kumhakikishia namba. Kwa bomba kuna vioo vya kukuza vinavyobanwa juu ya bomba lenyewe, vinasaidia kiasi kama shida ni udogo wa namba, ila kama jicho limefunga ukungu mzima kioo hakiongezi kitu.

Peni nayo ina mitego yake, msidanganyike na urahisi

Mjomba alivyohamia peni sukari yake ilikaa 17, 19, siku nyingine 20, wiki mbili nzima. Kila mtu alikuwa anamlaumu kwa chakula, na dozi ikawa imeshapandishwa mara moja. Siku ya kliniki nesi mmoja, Mungu ambariki, hakumuuliza maswali mengi, akamwambia tu "Baba, hebu choma hapa mbele yangu nione." Mjomba akafunga sindano kwenye peni, akatoa kile kifuniko kikubwa cha nje, akaweka tumboni, akabonyeza kitufe mpaka chini, akahesabu mpaka kumi vizuri kabisa. Nesi akachukua peni akaigeuza. Kale kafuniko kadogo ka ndani kalikuwa bado kapo juu ya sindano, na insulini yote imejaa humo. Wiki mbili hajaingiza hata tone. Na yeye alikuwa anatusifia kwamba hii peni haiumi hata kidogo!

Sababu yake ikaeleweka baadae, alivyokuwa amelazwa walimchoma kwa zile sindano za usalama zinazojificha zenyewe, hizo hazina kifuniko cha ndani, alivyoruhusiwa akapewa za kawaida na hakuna aliyemuonyesha tofauti. Sasa fikiria dozi ilikuwa imeshapandishwa, angeanza kuchoma vizuri ghafla na ile dozi kubwa, angeanguka kama mama. Ndo maana ile siku daktari alirudisha dozi kwanza.

Mitego mingine ya peni nikiipitia haraka haraka: kila mara unafunga sindano mpya, unatoa vifuniko vyote viwili, unaweka yuniti 2 unabonyeza sindano ikiangalia juu mpaka uone tone, usipoona unarudia. Hiyo hatua wazee wengi wanaiona ni kumwaga dawa lakini ndo inayokuhakikishia njia iko wazi na hewa imetoka. Afu unaweka dozi, unachoma, unabonyeza mpaka kidirisha kisome 0, unaacha sindano ndani ukihesabu taratibu mpaka 10 ndo unatoa, ukitoa mapema utaona insulini inachuruzika juu ya ngozi. Kuna watu wakishachoma badala ya kubonyeza wanazungusha kile kidude kurudi 0, namba inarudi kweli na wao wanaridhika, kumbe hakuna kilichoingia. Ukimaliza toa sindano, ikikaa kwenye peni hewa inaingia na dawa inavuja.

Bomba kwa upande huu lina faida moja ambayo mimi naithamini, unaiona dawa. Unaona imeingia kwenye bomba, unaona imeisha.

Vidole

Bomba linataka mikono miwili iliyotulia. Unavuta hewa kiasi cha dozi yako, unaiingiza kwenye kichupa, unageuza kichupa juu chini, unavuta dozi huku kichupa kiko hewani, unagonga vipovu vya hewa vipande, unarekebisha. Mtu anayetetemeka mikono au mwenye ganzi ya vidole kutokana na kisukari chenyewe hiyo ni kazi kubwa, na anaweza akajichoma kabla hata hajafika tumboni. Peni unaishika ngumi nzima ni nene, ni rahisi. Lakini angalia hiki, kwenye peni nyingi dozi ikiwa kubwa kile kitufe kinatoka nje mbali zaidi, na mwenye baridi yabisi kwenye kidole gumba anashindwa kukifikia na kukisukuma mpaka mwisho huku akihesabu. Kwahiyo mzee ajaribu kwa dozi yake mwenyewe pale kliniki, sio kwa yuniti 2 za maonyesho.

Kama daktari amempa insulini mbili tofauti za kuchanganya, bomba linampunguzia maumivu, inavutwa ile angavu kwanza afu ile ya ukungu, anachoma mara moja. Kwa peni ingekuwa mara mbili, labda kama ipo peni iliyochanganywa tayari kiwandani na uwiano wake unamfaa. Sio kila insulini inachanganyika na nyingine, hilo liulizwe. Na ile ya ukungu, iwe kwenye kichupa au peni, inaviringishwa viganjani taratibu na kugeuzwa juu chini kama mara 10 hivi mpaka iwe nyeupe sawasawa kama maziwa, haitikiswi kwa nguvu.

Mzee anayesahau

Hapa watu wengi wanakimbilia peni kwasababu ni rahisi, na mi naona wanakosea. Swali la mzee anayesahau sio "ataweza kuchoma?" swali ni "atakumbuka kwamba ameshachoma?" Peni ya kawaida ukiitazama saa tatu usiku haikwambii kama saa moja ilitumika. Zipo za kisasa zinazotunza kumbukumbu ya dozi ya mwisho na saa yake, kama unaipata vizuri sana, lakini nyingi hazina.

Kwa bomba mlezi anaweza kuvuta dozi mapema akaiacha kwenye friji, mzee au mtu mwingine wa nyumbani anachoma tu. Bomba likiwepo hajachoma, lisipokuwepo ameshachoma, ni ushahidi unaouona kwa macho. Sio kila aina ya insulini inaruhusu kukaa kwenye bomba na siku zinatofautiana, nesi au mfamasia akwambie kwa hiyo yenu, na ukiyaweka yasimamishe sindano ikiangalia juu ili dawa isizibe tundu. Mi navuta moja moja tu, ya siku hiyo. Sitaki mama akute bomba saba zimepangwa akaona ni za kumalizwa.

Kama kumbukumbu imeshaharibika sana hakuna kifaa kitakachomuokoa, achomwe na mtu na insulini ikae mahali asipoifikia. Na kabla hamjabishana peni au bomba mwambieni daktari ukweli wa nyumbani kwenu, kwamba wa kuchoma yupo asubuhi tu, au yupo siku tano kwa wiki. Kwa mzee mara nyingi inawezekana kupunguza idadi ya sindano au kuhamisha ya usiku iwe asubuhi, na lengo la sukari lenyewe kwa mzee mwenye magonjwa mengi huwa linalegezwa, HbA1c (kipimo cha damu cha wastani wa sukari ya kama miezi mitatu, kwa asilimia) chini ya 8 inaweza kutosha kuliko kumbana afike 7 afu anaanguka usiku. Hilo ni la daktari kuamua, msibadilishe wenyewe, ila hawezi kuamua vizuri kama mmemficha.

Na wewe mlezi unayemchoma mwenzio, ujilinde. Kwa bomba usirudishie kifuniko kwa mikono miwili, litumbukize moja kwa moja kwenye chombo kigumu cha plastiki chenye mfuniko. Kwa peni hatari iko pale unapofungua sindano baada ya kuchoma, omba zile sindano za usalama kama zinapatikana.

Hesabu ya upotevu, watu hawaifanyi

Insulini nyingi zikishafunguliwa zinatakiwa zitumike ndani ya wiki 4 hivi, iwe kichupa au peni, soma karatasi yake kwasababu zipo zinazotofautiana. Sasa chukua mzee wa yuniti 14 kwa siku. Siku 28 ametumia 392, kichupa kina 1000, yaani zaidi ya nusu inatakiwa imwagwe. Peni hata ukiweka zile yuniti 2 za majaribio inakuwa 16 kwa siku, yuniti 300 zinatosha siku 18 na kidogo, karibu hakuna cha kumwaga. Kinyume chake anayechoma yuniti 40 kwa siku anamaliza kichupa siku 25, kwake kichupa ni akili zaidi na peni zitakuwa zinamuisha kila wiki moja. Kwahiyo usiangalie bei ya kimoja kimoja, gawanya kwa siku ambazo kitatumika kweli, na kwa peni kumbuka kuhesabu na sindano zake maana zinanunuliwa pembeni.

Kinachotokea majumbani ni kwamba hakuna anayemwaga ile iliyobaki, mzee anaendelea na kichupa mwezi wa pili, wa tatu, dawa inapungua nguvu, sukari inapanda, dozi inapandishwa, afu kikifunguliwa kichupa kipya chenye nguvu kamili anashuka ghafla. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino mzito kwenye kichupa au peni yenyewe. Ambazo hazijafunguliwa zikae friji nyuzi 2 mpaka 8, mbali na sehemu ya kugandisha, iliyoganda hata ikiyeyuka ni ya kutupa.

Kuhusu ngozi sina maneno mengi. Peni ina sindano mpaka za milimita 4, unachoma wima tu na kwa wengi huhitaji kukunja ngozi. Za bomba kwa kawaida zinaanzia 6 au 8, kwa mzee aliyekonda ikunje ngozi, la sivyo inafika kwenye msuli na insulini inakimbia haraka kuliko ilivyopangwa. Hamisha sehemu kila mara, ukishika tumbo lake ukasikia uvimbe mgumu au mnene hapo usichome tena mpaka uishe, insulini ya hapo haieleweki.

Halafu wazee wawili wanaoishi pamoja na wote wana kisukari: peni moja ni ya mtu mmoja hata kama sindano imebadilishwa, damu kidogo inaweza kurudi ndani ya katriji. Na usivute insulini kwa bomba kutoka kwenye peni eti kwasababu peni imekwama, kuna peni ambazo dawa yake ni nzito mara mbili au tatu ya kawaida, bomba litakudanganya.

Mimi ningechaguaje

Mzee anaishi peke yake, anajichoma mwenyewe, macho hafifu, akili iko sawa, dozi ndogo: peni, bila kufikiri mara mbili, mradi peni na sindano zake zinapatikana kila mwezi. Kama mwezi huu zipo mwezi ujao hazipo, ni bora bomba lenye uhakika kuliko peni ya kubahatisha, kurukaruka kati ya vifaa ndo kulikomponza mama. Mlezi yupo kila siku na ndiye anayevuta, au zinachanganywa insulini mbili, au dozi ni kubwa na hela ni ya kubana: bomba, tena la saizi ndogo inayotosha dozi yake ili kila mstari uwe yuniti 1. Anayesahau: chochote ambacho mtu mwingine atakisimamia.

Chochote mtakachochukua, msitoke kliniki mpaka mzee amechoma kwa mkono wake mbele ya nesi tangu kufungua boksi mpaka kutupa sindano, halafu mlezi naye achome, na yule wa akiba atakayekuja ukisafiri naye siku moja aje. Kuambiwa haitoshi, mjomba aliambiwa. Hapohapo muulizeni dalili za kushuka sukari, chini ya 3.9 au 70 ni kushuka, na kwa mzee mara nyingi haji na kutetemeka, anakuja na kuchanganyikiwa, ukali wa ghafla, kuyumba, usingizi usioeleweka, watu wanasema ni uzee. Mpime kwanza. Kama anameza mpe sukari ya haraka gramu 15, ni kama vijiko vidogo 3 au 4 kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Kama hamezi au hajitambui usimpe kitu mdomoni, mlaze ubavu, tafuta msaada haraka.

Mama bado anatumia bomba. Tulijaribu peni, kidole gumba kikagoma. Navuta mimi, anachoma mwenyewe maana anasema hilo bado analiweza na sitaki kumnyang'anya. Daktari amehamishia asubuhi. Na kila nikirudi na boksi jipya, kabla hata sijakaa, ananiuliza "hili mstari mmoja ni ngapi?" na mimi nalifungua tunahesabu wote pale mlangoni.